Injini Umeleta Mwenyewe, Mbona Kazi Bado Ni Ghali?

"Boss, injini ni yangu, baiskeli ni yangu, sasa hizi pesa zote ni za nini?" Swali hili haliishi hapa Kisumu, kwenye karakana yetu ya kufunga injini kwenye baiskeli. Wiki hii mteja ametuambia wazi kwamba tumemkamua, kwa sababu klachi, shafti ya kati, sproketi na kazi ya kuchomelea vimepita bei ya injini yenyewe. Ni kweli vimepita, na hatuombi radhi.

Injini inayoletwa mara nyingi ni ya pampu ya maji, ile ya nguvu za farasi 5.5. Ni mashine nzuri ya kumwagilia nyanya: inadumu na vipuri vyake havisumbui kupata. Lakini ina uzito wa kilo 15 hivi, haina klachi wala gia, na gavana yake, yaani kidhibiti mwendo, huizuia kwenye mizunguko 3,600 hivi kwa dakika. Mtu anachofanya ili asilipe sana ni kununua klachi ya meno 10, ile inayoshika yenyewe injini ikichangamka, kisha anavuta cheni moja kwa moja hadi sproketi ya meno 44 nyuma.

Piga hesabu. 44 kwa 10 ni 4.4. Injini ikizunguka mara 3,600, gurudumu linazunguka mara 818. Gurudumu la Black Mamba la inchi 28 husogea kama mita 2.2 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo umeipangia baiskeli kilomita 108 kwa saa. Baiskeli ya breki za fito! Haitafika huko kamwe, ila hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba klachi ya namna hii huanza kushika kwenye mizunguko 1,800 hivi, na kwa mpango huo 1,800 ni kilomita 54 kwa saa. Chini ya hapo viatu vya klachi vinasugua tu ngoma bila kushika. Ukibeba gunia na kupanda kutoka Mamboleo kwenda Kiboswa, unasugua njia nzima. Baiskeli moja ililetwa kutoka Ahero, tambarare kabisa kule, na ngoma ya klachi ilikuwa imegeuka buluu kama kisu kilichosahaulika jikoni. Mwenyewe alikuwa amenunua klachi ya tatu na alidhani anauziwa feki.

Dawa ni shafti ya kati. Meno 10 ya klachi yanazungusha sproketi ya meno 30 kwenye shafti hiyo. Upande wa pili wa shafti kuna meno 10 yanayokwenda kwa 44 ya nyuma. Tatu mara 4.4 ni 13.2. Sasa mwendo wa juu ni kilomita 36 kwa saa, na klachi inaanza kushika kwenye 18. Kabla ya hapo unasaidia kwa pedali, na mlima unaupanda. Lakini shafti inataka beringi mbili zilizonyooka sawasawa, vishikio vya kuchomelea, na cheni mbili zilizo kwenye mstari mmoja na sproketi zake. Ikipinda milimita chache tu, cheni inaruka. Hapo ndipo pesa yako inakwenda.

Ukitaka nafuu, nunua seti kamili ya injini ya mipigo miwili, ile inayouzwa kama "80". Kwa kweli ni cc 66: kipenyo cha silinda ni milimita 47, pistoni husafiri milimita 38. Ina klachi na gia ya 4.1 ndani, kwa hiyo na sproketi ya meno 10 kwenye injini na ya 44 nyuma unapata uwiano wa 18 bila shafti ya kati. Oili ichanganywe kwa kipimo: mililita 60 kwa lita moja ya petroli wakati injini ni mpya, baadaye 40. Kifuniko cha chupa si kipimo. Wateja wa Nakuru, mko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Plagi ikiwa nyeusi na injini inakokota, pandisha klipu ya sindano ya kabureta mfereji mmoja ili petroli ipungue.

Kwenye seti hizo kuna mambo mawili tunayokataa hata mteja akinuna. Kwanza, kile kibati chenye kigurudumu cha kukaza cheni. Kikilegea kinageuka na kuingia kwenye spoki, gurudumu linajifunga ghafla. Tunakitoa, tunakata cheni urefu wake na kuacha ilegee sentimita moja na nusu. Pili, sproketi kubanwa kwenye spoki kwa raba na bolti tisa. Kwa mtu mmoja asiye na mzigo inavumilika, mradi bolti zikazwe kwa kuvukana na zirudiwe baada ya siku ya kwanza. Kwa boda, spoki zitakatika moja moja upande wa kushoto. Tunafunga adapta inayobana habu yenyewe, yaani kitovu cha gurudumu, na ndiyo, inaongeza bei.

Breki za fito kwenye rimu ya chuma iliyolowa hazishiki, kwa hiyo injini ya pampu haitoki hapa bila breki ya ngoma mbele.

Na kabla hujanunua injini yoyote, lete baiskeli tupime nafasi kati ya mikono ya pedali. Injini ya pampu ni pana, na mara nyingi ekseli ndefu ya pedali inahitajika pia.