Mhariri, usiku wa mavazi rasmi melini msiwatishe watu, kitenge kinaingia

Ndugu mhariri,

Salaam kutoka Mbeya, baridi imeshashika ila tunaendelea na kazi. Naandika kuhusu ile makala yenu ya utalii wa meli kubwa, ile iliyosema mwanaume akipanda lazima awe na tuksido, ile suti nyeusi ya sherehe yenye kola ya satini, na mwanamke lazima awe na gauni refu la dukani, la sivyo ule usiku wa mavazi rasmi mtu atakula chumbani kwake kama mgonjwa. Mi ni fundi nguo hapa Mwanjelwa, na mteja wangu mmoja kaja na hiyo makala kaikata na mkasi kaikunja kwenye pochi, anaitoa mkono unamtetemeka utafikiri barua ya mahakama. Nikasema hapana, hii lazima mtu ajibu.

Najua wapo watakaosema nani Mbeya anapanda hayo mameli. Wapo jamani. Kuna wazazi wenye watoto Uingereza na Marekani wanaoitwa wakapumzike, kuna wastaafu wamepata kiinua mgongo chao, kuna na maharusi wa siku hizi Zanzibar wameshaichoka. Shida ni kwamba meli tunayoijua sisi huku ni ile ya Ziwa Nyasa, MV Mbeya II, abiria 200 na mizigo, unapandia Kyela na gunia lako la mchele unashukia Mbamba Bay na hakuna wa kukuuliza umevaa nini. Sasa mtu akitoka huko akaambiwa kuna meli ina usiku wa kuvaa tai, lazima ababaike, na akibabaika anaenda kukopa.

Kwanza makala imezichanganya meli zote kana kwamba ni moja. Kampuni ya Norwegian hawana usiku wa mavazi rasmi wa lazima kabisa, ukitaka kupendeza pendeza, hutaki acha. Virgin Voyages nao sheria ya mavazi ya jioni hawana. Carnival wana usiku wa kupendeza, safari fupi unakuwa mmoja na ikifika siku 6 na kuendelea inakuwa miwili, ila wanachokataa pale ukumbini ni vitu ambavyo hata kwenye send-off ya mjomba wako huwezi kuingia navyo, kaptura, kandambili, shati lisilo na mikono, kofia ya kapelo. Suti wanaipendekeza tu. Yani mtu mwenye suruali ya kitambaa na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi anakula chakula chake vizuri tu.

Wakali ni Cunard, wale Waingereza walioanza tangu 1840, wenye Queen Mary 2 inayokata bahari toka Southampton mpaka New York usiku 7. Hao ndo wenye usiku wa gala, yani usiku wa mavazi rasmi wenyewe, kawaida kwenye safari kama hiyo inakuwa miwili, na saa 12 jioni ikishafika sehemu kubwa ya meli wanataka mtu awe amevaa. Sio nguo nzuri tu, saa ingine kuna na mada yake, usiku wa nyeusi na nyeupe, usiku wa nyekundu na dhahabu, au wa vinyago vya usoni. Lakini hao hao wakali ukisoma maelekezo yao wenyewe, kwa wanaume wameandika tuksido, au suti ya rangi ya giza na tai, tai ya kipepeo au ndefu ya kawaida, halafu wakaongeza kwamba vazi rasmi la taifa lako linakubalika na sare ya jeshi pia. Mwandishi wenu hiyo sentensi aliirukaje sijui. Na hata asiyetaka kuvaa hafungiwi chumbani, Queen Mary 2 kuna Kings Court mnajihudumia chakula, kuna na baa ya Golden Lion, unaenda na nguo zako za kawaida na hakuna anayekusogelea.

Kinachonichekesha ni kwamba Novemba 2023 spika wa bunge la Kenya alipiga marufuku Kaunda suti na mavazi ya Kiafrika mle bungeni Nairobi. Bunge la Waafrika. Meli ya Waingereza inakuambia njoo na vazi la kwenu mradi liwe rasmi.

Sasa huyo mteja wangu. Ni mwalimu mstaafu, binti yake ni nesi huko Uingereza, kamlipia mama yake na baba yake safari, mwezi wa nane wanaondoka. Mama kaja anataka nimwambie gauni la dukani litakuwa bei gani Dar, nikamwambia mama tulia kwanza, naomba tumpigie binti. Tukaweka spika. Binti anasema aunti fundi shikamoo, mi sitaki mama aonekane katoka sokoni, huku usiku ule watu wanavaa magauni marefu. Nikamwambia marahaba mwanangu, gauni refu ndo ninaloshona. Akanyamaza kidogo. Afu mama akaingilia, gwe mwanangu, mbona siku ya mahafali yako nilivaa kitenge na ukapiga picha na mimi mia, aibu hukuiona? Binti akacheka, ikaishia hapo, ila akasema nitume picha ya mshono kabla sijakata kitambaa. Haki yake, analipa yeye.

Hapo ndo penyewe mhariri. Kitenge hakiko chini, mshono ndo unaokuwa chini. Kitenge cha dera la kufulia na kitenge cha usiku wa gala ni kitambaa kile kile, tofauti inaanzia kwenye mkasi. Kwa huyu mama tulichagua bluu ya giza yenye mchoro mdogo mdogo wa dhahabu, sio yale maua makubwa kama sahani, yale mchana yanapendeza ila usiku kwenye taa yanakula mtu. Yadi 6 zilitosha gauni na kilemba na kikabaki cha mtandio. Kwanza nimekiloweka wanga utoke kisije kikarudi baadaye, mafundi wengi wanaruka hii na mteja anakuja kulia akishafua mara ya kwanza. Ndani nimeweka bitana laini zima mpaka chini maana bila bitana kitenge kinapanda na soksi ndefu na kukunjana mapajani kila akikaa. Mikono robo tatu. Mpasuo nyuma unaishia chini kidogo ya goti, kwa sababu meli ina ngazi na inayumba, na mwanamke aliyebanwa mpaka kwenye vifundo hawezi kutupa mguu haraka akitikiswa. Pindo nimelipima akiwa amevaa viatu vyenyewe atakavyosafiri navyo, sio viatu vya kuja navyo sokoni, na visigino nimemwambia vifupi na vinene. Haya mambo nikiyaona kwenye gazeti nitafurahi kuliko picha ya mzungu na glasi.

Na gauni ni moja kwa usiku miwili, msiwadanganye watu kwamba lazima kila usiku nguo mpya. Usiku wa kwanza anavaa na kilemba na mtandio, wa pili anaacha kilemba anatupia kijikoti kifupi cheusi, wapiga picha wa mle melini wanaokuuzia picha wenyewe watadhani kabadilisha. (Kilemba kiwe cha wastani, akienda kuangalia maonyesho baada ya chakula kuna watu wamekaa nyuma yake.)

Mzee wake yeye wala hakutaka tuksido, ana suti nyeusi aliyoozeshea, nimeipunguza kiuno maana kakonda, nimebadilisha vifungo, tai anayo, basi kamaliza. Ila kwa wanaotaka tuksido kweli, kabla hamjaenda kukodi huko Ulaya, pitieni mitumba. Hapa Mwanjelwa marobota yakifunguliwa yanatoka yale makoti meusi yenye kola inayong'aa ya satini na wauzaji wengi hawajui ni nini, wanayaweka na makoti ya kawaida bei ile ile. Angalia na suruali yake, pembeni inakuwa na mstari wa satini kutoka kiunoni mpaka chini. Kitu cha kuangalia ni mabega. Mabega yakiwa makubwa liache hata kama ni zuri vipi, kuyarudisha ni kulifumua koti zima. Kiuno, urefu wa mikono, upana wa suruali, hivyo fundi yeyote mwenye akili anamaliza.

Kaunda suti nayo inafaa, Mzee Kaunda alikaa na marais wa dunia nzima akiwa nayo na hapa kwetu Tunduma ni kuvuka tu uko nchini kwake Zambia. Lakini iwe ya mikono mirefu, rangi ya giza, kitambaa kizito kinachoanguka vizuri. Ile ya mikono mifupi rangi ya kahawia ni ya kikao cha kata, tusidanganyane. Kanzu nzuri na koti juu pia, kwa wenye kanzu zao. Vazi la taifa letu tumelijadili miaka nenda rudi, lakini pale mlangoni hakuna atakayekudai cheti, wanaangalia kama mtu kajiandaa kwa ajili ya jioni. Ila kuna vijana wameniuliza kuhusu shuka la kimasai kwa vile wazungu wanalipenda. Kama wewe ni Mmasai vaa, ni lako. Kama wewe ni Msafwa umezaliwa Uyole na hujawahi kujifunga hilo shuka, huko melini ndo unataka kuanza?

Mambo mengine nitaje haraka. Pasi usibebe, vyumbani hawaruhusu kwa sababu ya moto, wanakuchukulia wanakutunzia mpaka siku ya kushuka, kuna meli zenye chumba cha kufulia na pasi zipo humo na zingine hazina kabisa unalipia. Kwa hiyo kitambaa kinachokunjamana kwa kuangaliwa tu kiache nyumbani, na gauni livingirishe usilikunje. Ndege nyingi begi moja mwisho kilo 23 na ukitoka Mbeya una maparachichi ya watu na mchele wa Kyela wa binti, nguo ndo zinakuwa za mwisho kufikiriwa. Siku ya kwanza begi kubwa linaweza kuchelewa kufika chumbani, kuwa na nguo moja ya heshima kwenye begi la mkononi. Usiku wa mavazi rasmi mara nyingi wanauweka siku ambayo meli iko baharini haijatia nanga, so una mchana mzima wa kujiandaa. Nguo za mabaka kama ya jeshi hapa kwetu mnajua wenyewe zinakupeleka wapi, na Barbados na Jamaica nako ni marufuku hata kwa mgeni, na meli za visiwa vile vya Karibi zinatia nanga huko.

Na baridi. Watu wanasema baharini ni joto kama Dar, wanajiandaa na mabega wazi, wakati ule ukumbi wa kulia una viyoyozi vinavyopuliza toka jioni mpaka usiku. Mtu wa Makete au Njombe hatashangaa, ila hata yeye abebe mtandio mzito au kijikoti, maana huko huwezi kuvaa sweta la kijijini juu ya gauni la satini ukasema nasikia baridi.

Ombi langu kwako mhariri ni dogo. Mkirudia hii mada, mwandishi aanze kwa kumwambia msomaji aulize kampuni ya meli anayopanda yeye, sheria wanazo kwenye tovuti zao na zinabadilika, afu ndo aongelee nguo. Na aongee na mafundi wa huku mikoani, sio wenye maduka ya kukodisha suti peke yao, kila mtu anavutia kwake na mimi pia navutia kwangu, sikatai. Picha ya mtu aliyevaa kitenge cha usiku kama hamna, huyo mama amekubali nimpige picha gauni likiisha bila kuonyesha sura, nitawatumia bure.

Fundi nguo,
Mwanjelwa, Mbeya