YAH: MAPIPA 6 YA TOLUENI ILIYOCHANGANYWA NA MAFUTA YA TAA

Kwa Meneja Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu, yaani tolueni, kiyeyusho tulichonunua kwenu kwa ajili ya gundi ya viatu. Masharti yenu ya kurudisha mzigo mnayajua, hatutayarudia.

Jumatano fundi wetu aliwaletea sampuli. Mtunza stoo wenu aliinusa, sigara ikiwa inawaka mkononi, akasema mbele ya wateja: "Harufu si ipo? Washona viatu mtanifundisha kemia?"

Harufu si kipimo. Hata robo ya tolueni ndani ya mafuta ya taa itanukia tolueni. Kipimo ni mizani: kwa joto la nyuzi 30, lita moja ya tolueni safi ina gramu 858 hivi, kwa hiyo pipa la lita 200 lazima lifike kilo 171 bila uzito wa pipa lenyewe. Yenu yalikuja na kilo 167. Kilo 4 zinaonekana chache, lakini mafuta ya taa ni mepesi kidogo tu kuliko tolueni, kwa hiyo upungufu huo maana yake kama theluthi ya pipa ni mafuta ya taa! Tukachemsha kidogo kwenye chupa ya maabara. Tolueni safi huchemka kwa nyuzi 110.6 na kuisha yote hapo hapo; yenu ilipita 150 ikaendelea kupanda hadi 190, na chini bado kuna kitu.

Wakati huo gundi ilikuwa imeshaharibika. Neoprini, mpira unaotengenezewa gundi yetu, huyeyuka kwenye tolueni, haiyeyuki kwenye mafuta ya taa. Gundi ilikatika kama maziwa, na ile kidogo iliyopakwa haikukauka kwa dakika 15 kama kawaida: mafuta yalibaki juu ya ngozi, soli zikabanduka kwa kidole. Mapipa mawili yameishia humo, pamoja na mpira na resini yake. Lebo ya pipa, tusisahau, inasema "safi".

Turudi Jumatano, maana hilo halimezeki. Fundi alimwomba azime sigara. Hakuzima. Mvuke wa tolueni ni mzito mara tatu kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na kimiminika chake hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 4 tu; pale dirishani palikuwa na joto la mchana na mapipa wazi nyuma yake. Akamjibu kwa kucheka, "washona viatu mtanifundisha kemia?", kisha akachukua chupa ya sampuli, ushahidi wetu, akaimwaga kwenye mtaro wa maji ya mvua. Kwa bahati nzuri tuna chupa nyingine mbili, zimefungwa kwa lakiri.

Tulikusudia kuomba mapipa 6 mengine tu. Sasa tunataka fedha yote ya mapipa 6, gharama ya gundi iliyoharibika, na cheti cha maabara cha shehena hiyo kinachoonyesha pia kiwango cha benzini, kemikali inayoweza kuwemo kwenye tolueni isiyo safi, kwa sababu vijana wetu wanaivuta hewa hiyo kutwa na benzini husababisha saratani ya damu. Mapipa manne yaliyobaki mje kuyachukua wenyewe, kwa gari lenu.

Tunawapa siku 7. Ya nane, chupa moja itakuwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na ya pili kwa wakili wetu. Na mtunza stoo aandike barua ya kumwomba radhi fundi, kwa mkono wake. Bila barua hiyo, hata fedha mkileta, chupa zitakwenda.

Msimamizi wa Uzalishaji,
Karakana ya Viatu