Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: Hiyo "mara moja kwa miaka mia" mliihesabia wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Msangamkuu, Mtwara, mikono bado inanuka dizeli ingawa nimeisugua kwa sabuni ya mche mara tatu. Jumanne alfajiri nilivuta madema yangu kumi na moja, mitego ya samaki. Manane yalikuwa na kitu cheusi kinachonata kama ulimbo. Mchuuzi alinusa samaki mmoja tu, changu, akafunika ndoo yake akaenda zake.

Unakumbuka ulichotuambia mkutanoni? Wataalamu wamepiga hesabu, mafuta kumwagika huku ni "mara moja kwa miaka mia". Tulipiga makofi. Mimi niliyefundisha hesabu sekondari hadi kustaafu nilipiga pia, na hilo ndilo linaloniuma.

Mara moja kwa miaka mia si miadi, Mheshimiwa. Kwa kanuni ya Poisson, ile ya kukadiria matukio adimu, ambayo naamini ndiyo waliyotumia, kiwango hicho kikikaa miaka 30 kinakupa uwezekano wa karibu asilimia 26 wa mafuta kumwagika angalau mara moja. Robo nzima! Tena kanuni hiyo haili hewa: inataka matukio yaliyoandikwa, na idadi ya meli au wingi wa mafuta yaliyopita. Meli zikiongezeka, hesabu ya zamani imekufa.

Najua utanitajia dunia. Kweli, meli za mafuta zilimwaga tani 7 na zaidi karibu mara 79 kwa mwaka katika miaka ya 1970, na kama mara 6 katika miaka ya 2010. Alhamdulillahi. Lakini Wakashio, iliyochafua Morisi mwaka 2020 kwa tani zipatazo 1,000, ilikuwa meli ya mizigo. Kwenye hesabu hiyo haimo. Na kilichopaka madema yangu labda ni ndoo chache tu, pengine meli iliyosafisha matangi usiku. Nani atakihesabu?

Nimefika ofisini kwako mara mbili kuulizia daftari la mafuta yaliyomwagika. Nikaambiwa halipo. Pasipo daftari jibu ni sifuri kila mwaka, na sifuri hiyo ndiyo mliyotusomea kwa kipaza sauti kama "mara moja kwa miaka mia".

Fidia ya madema sitaji, ingawa nayo ni fedha. Naomba daftari. Kauntabuku nitanunua mwenyewe, na kalamu juu. Mteue mtu aandike tarehe, mahali, upana wa doa na meli zilizokuwepo. Daftari tu, Mheshimiwa. Jumanne iwe mstari wa kwanza.

Mvuvi wa madema, Msangamkuu, Mtwara