Barua kwa wazazi na walezi: maktaba yetu haitafungwa tena kengele ya mwisho ikilia

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Muheza, Tanga.
Juni

Kwa wazazi na walezi wote wa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA, NA MAKTABA KUBAKI WAZI BAADA YA VIPINDI

Ndugu mzazi/mlezi,

Nawasalimu nyote kwa heshima, na poleni na shughuli za msimu.

Muhula tumeumaliza salama. Mtoto wako amekuletea barua hii pamoja na ripoti yake ya maendeleo. Tarehe ya kufungua shule mwezi Julai imeandikwa chini ya ripoti. Isomeni pamoja mkiwa mmetulia, na kama kuna somo limekushtua, njoo umwone mwalimu wa darasa kwanza kabla ya kumkaripia mtoto. Mengine ya kufunga shule mnayajua, sitayarudia. Leo nina jambo moja kubwa la kuzungumza nanyi, nalo ni maktaba.

Wengi wenu mnakijua kile chumba kinachopakana na ofisi ya taaluma. Kwa miaka kilikuwa kinafunguliwa mwalimu anapohitaji vitabu vya kipindi, halafu kinapigwa kufuli. Ufunguo ulikaa kwenye droo yangu, umefungwa kamba kwenye kijiti cha mchungwa ili usipotee. Niliamini natunza mali ya umma. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vilipofika tulivipanga kwenye rafu, vikabaki vipya vilevile, na mgeni akija nilimpitisha pale nikiwa nimejaa fahari.

Mwezi wa Februari, tukiwa tunahesabu mali za shule, nilichomoa kitabu kimoja cha hadithi nikafunua jalada la nyuma, pale ilipogundishwa karatasi ya tarehe za kuazima. Ilikuwa tupu. Nikachomoa cha pili, tupu. Cha tatu kilikuwa na mhuri mmoja tu, wa mwaka 2016. Mwanafunzi aliyekiazima mwaka huo leo ni mtu mzima. Nilikaa kwenye benchi, kitabu mkononi, nikaona wazi kwamba miaka yote ile vitabu nilivitunza, lakini watoto wenu niliwanyima. Kwa hilo nawaomba radhi.

Ndipo mwezi wa Machi, baada ya Bodi ya Shule kuridhia, tukaanza majaribio. Kila Jumanne na Alhamisi maktaba ilibaki wazi kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 11 jioni, mwalimu mmoja wa zamu akiwepo. Siku ya kwanza walikuja wachache, wengi wao wa Kidato cha Nne wanaowaza mtihani wa Novemba. Wiki ya tatu ilibidi tutoe madawati darasani tuyaongeze mle ndani. Wiki ya mwisho wengine walisoma wamekaa barazani, migongo ukutani.

Waliokuja kwa wingi ni wa Kidato cha Kwanza, na hao ndio hasa nataka mnielewe kuhusu wao. Mtoto huyu amesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili. Anajua jinsi jani linavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Alifundishwa kwa jina la usanisinuru, akajibu mtihani, akafaulu. Anaingia sekondari, mwalimu wa Baiolojia anamfundisha jambo lilelile kwa Kiingereza, na mtoto anaduwaa kama hajawahi kulisikia. Hajawa mzito wa kichwa. Kitu anakijua, ila kimebadilishwa jina, na kipindi cha dakika 40 chenye wanafunzi zaidi ya hamsini hakimpi nafasi ya kuuliza neno mojamoja. Nyumbani hana kamusi. Kamusi zetu zilikuwa nyuma ya kufuli.

Kuna kijana mmoja nilimwangalia Alhamisi moja bila yeye kujua. Alikuwa amegeuza daftari, anaandika kuanzia nyuma. Upande wa kushoto neno la Kiingereza, wa kulia la Kiswahili, kisha anafunika upande mmoja kwa kiganja na kujisomea midomo ikicheza. Akikosea anachora nukta pembeni, anaendelea. Alipotaka kuondoka niliomba nilione lile daftari. Kurasa sita zilikuwa zimejaa, na nukta zilipungua kadiri unavyofunua. Hakuna mwalimu aliyempa kazi ile. Alichopata ni meza, kamusi na saa mbili ambazo hakuna aliyemtuma popote.

Kwa hiyo kuanzia tutakapofungua mwezi Julai, maktaba itakuwa wazi Jumatatu hadi Alhamisi, saa 9 alasiri hadi saa 11 jioni, na Jumamosi saa 2 hadi saa 6 mchana. Ijumaa jioni tutafunga ili walimu nao wapumue. Wako ambao wangependa tufike hata saa 12, lakini miezi hii jua linazama mapema, na wapo watoto wanaotembea mwendo mrefu katikati ya mashamba. Saa 11 kamili kengele itapigwa na wote watatoka.

Najua linalowasumbua wenye mabinti, maana mmeniambia. Mama mmoja alikuja mwezi wa Aprili, hakupita ofisini. Aliingia moja kwa moja maktaba, akamwona binti yake amekaa dirishani, akavuta kiti akakaa nyuma yake kimya. Nilipopita nikamsalimu, akanijibu bila kuzunguka: "Mwalimu, nimekuja kuona kama ni kweli." Nilifurahi kuliko angeniuliza kwa simu. Na nyote nawaambia, njooni mwone, siku yoyote, bila taarifa. Zaidi ya hapo kuna daftari mlangoni: mwanafunzi anaandika saa ya kuingia na saa ya kutoka, mwalimu wa zamu anatia sahihi. Wanaoondoka wanaondoka kwa makundi kufuata njia zao, na kila kundi lina mkubwa wake wa Kidato cha Tatu au cha Nne. Mtoto akikuambia alikuwa maktaba, nipigie au njoo, daftari litasema.

Yule mama, niongeze hili, baada ya kama robo saa alinyoosha mkono akachukua kitabu kwenye rafu. Alikisoma mpaka kengele, kisha akaniuliza kama mzazi anaruhusiwa kuazima. Anaruhusiwa. Jumamosi ni siku ya kila mtu, wazazi kwa wanafunzi. Wazee wetu watakumbuka mwaka 1970, ule Mwalimu Nyerere aliotangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, watu walivyokaa chini ya miti na ubao baada ya kutoka shamba. Mwalimu huyohuyo ndiye aliyefungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, Desemba 1967, nchi ikiwa changa na fedha ni za kubana. Sisi tuna maktaba ya mkoa Tanga mjini, na nawahimiza wenye nafasi wawapeleke watoto, lakini nauli ya kwenda na kurudi si kila nyumba inaimudu kila wiki. Chumba chetu kidogo ndiyo maktaba iliyo karibu na miguu ya watoto hawa.

Kuhusu madrasa: hatutaki mtoto yeyote akose chuo kwa sababu ya maktaba. Anayekwenda madrasa jioni ataazima kitabu saa 8:30 vipindi vinapoisha akasome nyumbani, au aje Jumamosi. Wanaobaki watapewa muda wa kuswali Alasiri, na maji ya udhu yapo. Wanakwaya na wenye mafundisho ya kipaimara nao vivyo hivyo, mtoto aseme tu tumpangie siku.

Chakula kinaniumiza kichwa. Mtoto aliyekunywa chai ya rangi alfajiri hawezi kukaa na kitabu hadi saa 11, hata umfungulie maktaba ya dhahabu. Makande ya mchana tuliyokubaliana kwenye mkutano wa wazazi yanasaidia, na walioleta mahindi na maharage nawashukuru sana. Ambao bado, mkivuna mtukumbuke. Lakini mlango wa maktaba hautamuuliza mtoto kama mzazi wake ameleta debe. Na kwa maktaba yenyewe hatuombi mchango wa fedha, hata shilingi. Mtu akija kukudai hela kwa jina la maktaba, usimpe, nijulishe.

Tunachowaomba ni muda wa mtoto, na najua ni ombi zito. Msimu wa machungwa mikono inahitajika shambani, maji hayajichoti, na mdogo wake lazima kuna wa kumbeba. Nimekulia maisha hayo hayo. Sisemi mtoto aachiwe kazi zote. Naomba siku mbili tu kwa wiki zile saa mbili ziwe zake, mkubaliane naye ni siku zipi, na kazi za siku hizo azifanye asubuhi au ndugu zake wapokezane. Na hapa naomba msininunie: katika majaribio yetu wavulana walibaki zaidi kuliko wasichana, na tulipowauliza wasichana, wengi walijibu neno moja, maji. Kaka anaweza kubeba ndoo. Ana mabega mazuri tu.

Vitabu vya kwenda navyo nyumbani navyo vimefunguliwa, kimoja kwa kila mwanafunzi kwa siku saba. Tangu Machi tumeazimisha kila wiki na hadi leo ni viwili tu vilivyopata tatizo: kimoja hakijarudi, kingine kililowa mvua na mwenyewe alikuja kusema huku analia. Sikumpiga wala sikumtoza. Tulikianika juani, tukakibandika gundi, kiko kwenye rafu kimevimba kidogo na kinasomeka. Naomba nanyi msiwachape kwa kitabu kilichochanika, maana mtoto aliyechapwa kwa kitabu haazimi kingine. Kitundikeni mbali na moto na mbali na mtoto mdogo, kikiharibika tutaongea.

Shule za aina yetu hazina mkutubi wa kuajiriwa. Zamu zitashikwa na walimu sita waliojitolea wenyewe, baada ya kutwa nzima ya kufundisha, wakisaidiwa na wanafunzi wanane waliojifunza kupanga rafu na kuandika kadi. Mkikutana na walimu hawa sokoni, waambieni ahsante.

Katika likizo hii maktaba itafunguliwa Jumanne na Alhamisi asubuhi, saa 3 hadi saa 6. Hakuna mwalimu atakayefundisha wala twisheni itakayotozwa. Ni kusoma kwa hiari, na asiyekuja hajakosa kitu cha mtihani.

Chini ya barua hii kuna kipande cha kukata. Andika jina la mwanao, siku mbili mlizokubaliana, njia anayopita kurudi nyumbani na namba ya simu tunayoweza kukupata, kisha utie sahihi au dole gumba. Akirudishe siku ya kufungua shule. Ufunguo sasa umetoka kwenye droo yangu. Unaning'inia kwenye msumari katika chumba cha walimu, na kijiti chake cha mchungwa, na mwalimu wa zamu anauchukua bila kuniomba.

Wenu katika malezi ya watoto wetu,

Mkuu wa Shule