Gomesi ya Jaja Imeota Ukungu: Wito wa Harambee ya Mabati

Ndugu wazazi, walezi, wazee wetu wa Walukuba hapa Jinja, na nyinyi wanafunzi wetu wa zamani popote mlipo,

Salaam. Najua mkiona neno harambee mnaanza kujikuna kichwa. Mwaka juzi tuliwaomba tangi la maji, mkatoa bila kunung'unika, na watoto wanakunywa mpaka leo. Kurudi tena mapema hivi kunatutia haya. Kamati ilibishana wiki nzima nani aandike, ikaniangukia mimi katibu.

Mnakumbuka mwalimu wetu wa historia alianza kuwafundisha watoto historia ya mavazi. Wengine tulicheka, na mimi nilikuwemo. Tuna upungufu wa vitabu vya hesabu, yeye anahangaika na nguo kuukuu! Lakini mtaala mpya ulioanza 2020 unataka mtoto afanye mradi, ashike kitu mkononi, asikariri ubao tu. Basi mwalimu akapita nyumba kwa nyumba hapa mtaani akiazima. Akapata shuka la mbugu, yaani nguo ya gome la mti, kanzu yenye tarizi shingoni, leso mbili kutoka Mombasa, kipande cha kitambaa cha kiwanda cha nguo cha Nyanza hapa Jinja, na gomesi, lile vazi refu la sherehe la wanawake wetu, ya jaja (bibi) mmoja, aliyovaa siku ya harusi yake. Vyote vikawekwa chumba cha mwisho, kile chenye mabati yaliyooza.

Niliingia darasani siku moja kukagua, nikakaa hadi kengele. Watoto walikuwa wanaeleza jinsi gome la mutuba linavyobanduliwa bila kuua mti, shina likafungwa majani ya mgomba lipone, kisha gome likapigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka litanuke na kuwa laini, na jua likaligeuza rangi ya udongo mwekundu. Kazi hiyo ya mafundi wa Buganda UNESCO iliitambua mwaka 2005, na watoto wetu wanazaliwa na kukua wakidhani mbugu ni ya kuzikia tu. Wakahamia kwenye kanzu. Wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda, mwaka 1844 na nguo za pamba. Baadaye ikazagaa merikani, nguo iliyofumwa Marekani na kushushwa Unguja, jina likabaki midomoni mwetu. Binti mmoja akauliza kama kanzu ni ya Waganda au ya Waswahili. Mwalimu akamjibu aende akamuulize babu yake, na kweli alikwenda.

Lakini gomesi ndiyo iliyonikamata. Inasimuliwa kwamba fundi cherehani Mgoa, mtu wa Goa kule India, aitwaye Gomes aliishona kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, iliyofunguliwa 1905, kwa sababu shuka la mbugu lilikuwa halitulii mwilini. Yaani vazi tunalolivaa kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, lenye mabega yaliyochongoka, vifungo viwili na mshipi mpana kiunoni, asili yake ni sare ya shule!

Na pamba je? Hapa Jinja hatuhitaji kusoma kwa mbali. Mbegu zililetwa na kampuni ya Uganda Company mwaka 1903, bwawa la Owen Falls likafunguliwa 1954, viwanda vikapata umeme, na baba zetu wakapata kazi na hizi nyumba tunazoishi. Mwanafunzi mmoja alimleta babu yake aliyefanya kazi Nyanza. Mzee alikishika kile kitambaa, akakisugua kwa kidole gumba, akataja namba ya mashine yake. Darasa lilinyamaza kimya.

Sasa mvua. Usiku wa Jumanne ya wiki iliyopita ilinyesha hadi alfajiri. Asubuhi tulikuta ndoo nne na karai moja vimejaa na kumwagika. Mbugu haitaki maji. Ile yetu ilikuwa imechanika katikati kama karatasi iliyolowa. Leso zimechujiana rangi. Gomesi ya jaja tuliianua tukadhani imepona, lakini baada ya siku tatu ukungu ukaota kwenye mabega yote mawili, vidoa vyeusi kama dengu. Msichana wa kidato cha pili alikuwa amevua sweta lake akaifunikia, akakaa na shati tu kwenye baridi ile. Mimi na mwenyekiti ndio tuliokwenda kumwambia jaja. Hakutukemea. Alitukaribisha chai. Afadhali angetukemea.

Mahitaji ni haya: mabati 60 ya geji 28 shilingi 2,700,000, mbao na misumari 1,150,000, fundi 800,000, makabati mawili ya chuma ya kuhifadhia nguo 900,000. Jumla 5,550,000. Kamati na walimu tumeshajichanga 1,320,000 (walimu wametoa zaidi ya wazazi, nalisema hili kwa upole). Zimebaki 4,230,000.

Tuma kwa simu ya mweka hazina, namba ile ile ya harambee ya tangi, uandike jina lako na neno "bati". Risiti zitabandikwa kwenye mbao za matangazo na kila senti itatolewa hesabu. Asiye na pesa alete mbao, au mikono yake siku ya kupaua.

Na nyinyi wa Kampala na ng'ambo, picha zenu za kwanjula tunaziona. Gomesi inayong'aa, mita sita za hariri, kanzu na koti. Mmependeza, Mungu awazidishie. Bati moja ni 45,000. Piga hesabu mwenyewe ulikodi gomesi ya siku moja kwa shilingi ngapi.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Shehe na mchungaji wote wamekubali kutuombea, kila mmoja kwa dakika tano, tumewasihi. Watoto wataonyesha walichojifunza, pamoja na ile mbugu iliyochanika. Jaja ameshaambiwa siku na saa. Amesema atakuja, na ameomba kiti cha mbele.