Jenereta haichaguliwi kwa kVA peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri wenye hoteli, hospitali na maduka makubwa wanaojiandaa kununua jenereta ya dizeli ya akiba. Wengi humwendea muuzaji na swali moja tu, kVA ngapi (kVA ni kipimo cha ukubwa wa mzigo wa umeme), kisha huchukua kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu wakiamini kubwa haisumbui. Inasumbua sana.

Anzeni na bili za TANESCO. Mteja wa kundi la T2 au T3, yaani makundi ya bei ya wateja wakubwa, huandikiwa kila mwezi kilele cha matumizi yake kwa kVA. Kusanyeni za miezi 12, mtafute mwezi uliopanda kuliko yote. Tuseme ni kVA 280: jenereta ya kVA 350, yaani kilowati 280 kwa pawafakta (uwiano wa kilowati kwa kVA) ya 0.8, inaubeba mzigo huo. Aliyenunua ya kVA 800 ataiendesha usiku, viyoyozi vimezimwa, kwa kilowati 60 labda, chini ya asilimia 10 ya uwezo wake. Injini ya dizeli ikifanya kazi muda mrefu chini ya asilimia 30 haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, masizi hujaa kwenye nozeli na turbo, na majimaji meusi huchuruzika kwenye ekzosi. Mchana na usiku vikitofautiana mno, afadhali jenereta mbili za kVA 200 zinazofanya kazi sambamba. Usiku inabaki moja.

Ila kilele hicho cha kwenye bili ni wastani wa dakika kadhaa, hakioni mshtuko wa mota inapowaka. Pampu ya kilowati 45 ikiwashwa moja kwa moja huvuta zaidi ya kVA 300 kwa sekunde chache, volti zikashuka, kontakta (swichi za sumaku) zikaachia na lifti zikasimama. Kwa stata ya nyota-delta, kiwashio kinachoianzisha mota kwa volti pungufu, mvuto huo hushuka hadi theluthi moja. Pangeni pia mizigo iingie kwa zamu: taa na pampu ya zimamoto kwanza, lifti zifuate, viyoyozi mwisho.

Someni na bamba la jenereta. Uwezo wa dharura ni wa saa zisizozidi 200 kwa mwaka, tena kwa wastani wa asilimia 70 ya mzigo. Umeme ukikatika saa nne kwa siku, mara tatu kwa wiki, mwaka unafika saa 624. Hapo hesabu ifanywe kwa uwezo wa kazi ya kila siku, ambao kwa injini ileile huwa pungufu kwa takriban asilimia 10. Walio Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, wadai jedwali la upungufu wa nguvu kwa sababu ya hewa nyepesi.

Dizeli nayo: mzigo wa kilowati 300 hula lita 80 hivi kwa saa. Tenki litolewe maji ya chini mara kwa mara, na betri iwe na chaja ya kudumu, kwa kuwa betri iliyokufa ndiyo huzuia jenereta nyingi kuwaka. Mtindo wa kuiwasha dakika 10 kila wiki bila mzigo uachwe. Mara moja kwa mwezi, nusu saa, kwa mzigo usiopungua asilimia 30.

Kabla ya kumalizia malipo, muuzaji aijaribu papo hapo kwa mzigo kamili kwa muda wa saa mbili, milango ya chumba ikiwa imefungwa. Joto likiendelea kupanda, hewa ya moto ya rejeta inarudi ndani, na bomba la kuitoa nje ni kazi yake kulirekebisha.

Fundi umeme wa majengo,
Dar es Salaam