Mhariri, mmemsahau Delia

Mhariri, salamu nyingi na hongera kwa kazi.

Nimesoma ile makala yenu ya ukurasa wa burudani kuhusu tamthilia ya Doctor Who ya BBC, nimeirudia mara mbili kabisa maana hizi stori za anga na safari za wakati nazipenda tangu niko shule, na kwa kweli waigizaji mmewaeleza vizuri mmoja mmoja. Ila muziki wa mwanzo mmeandika "ulitungwa na Ron Grainer" mkaweka nukta mkaendelea na mengine. Hapo ndipo nikaona siwezi kunyamaza.

Grainer aliandika noti, hilo halina ubishi. Lakini kile tunachokisikia, ule mlio unaokusisimua mwili kabla hata picha haijatulia, kimetengenezwa na dada mmoja anaitwa Delia Derbyshire akisaidiwa na Dick Mills, kwenye karakana ya sauti ya BBC pale Maida Vale, London, mwaka 1963. Na walivyokitengeneza ndiyo wasomaji wenu walitakiwa waambiwe, maana vijana wa siku hizi wanafungua laptop wanabonyeza wanapata sauti yoyote wanayotaka, enzi hizo hakuna kitu kama hicho, kinanda cha kutengeneza sauti za umeme hawakuwa nacho. Delia alichukua sauti ya waya mmoja uliopigwa kwa kidole akairekodi, akiicheza haraka anapata noti ya juu, akiicheza taratibu anapata ya chini, sauti nyingine akazitoa kwenye osileta, vile vyombo mafundi wanavyotumia kupimia mitambo, halafu kila noti, narudia tena kila noti, inakatwa kwenye tepu kwa wembe na kuunganishwa na mwenzake kwa mkono. Ukitaka noti ikae sana unakata tepu ndefu, ukitaka iwahi kuisha unakata fupi. Mashine ya kurekodi sauti nyingi kwa mpigo hawana, kwahiyo besi iko tepu yake, melodi iko tepu yake, mnaziwasha mashine zote kwa pamoja na zikipishana kidogo tu mnaanza upya.

Dick Mills amewahi kusimulia kwamba kuna noti moja ikawa inagoma, wimbo haukai sawa na hawajui kosa liko wapi, ikabidi wazikunjue zile tepu wazitandaze sambamba kwenye korido ndefu la jengo, wakawa wanatembea nazo wanakagua kiungo kwa kiungo mpaka wakafika mahali viungo havilingani. Mtu aliyewahi kushika wembe na tepu anajua hiyo ni kazi ya namna gani.

Grainer aliposikia akashangaa, akauliza hivi kweli mimi ndiye nimeandika hiki, Delia akamjibu sehemu kubwa ndiyo. Na Grainer alikuwa muungwana, alitaka Delia apate nusu ya mrabaha, BBC ikakataa kwa sababu utaratibu wao ulikuwa watu wa karakana ile hawatajwi majina. Jina lake limekuja kuandikwa kwenye skrini mwaka 2013, kwenye kipindi maalum cha miaka 50, mwenyewe amefariki 2001. Mhariri hebu fikiria hilo, halafu na ninyi mnarudia kumwacha.

Linaniuma kwa sababu mimi mwenyewe ni fundi sauti, kuna muziki wa kufungulia kipindi cha redio niliufanya usiku tatu mfululizo na bado unapigwa, sijawahi kusikia jina langu hata siku moja.

Na siyo Delia peke yake. Ile sauti ya chombo cha kusafiria cha kwenye tamthilia kikiondoka, ule mkwaruzo kama kitu kinararuka, ni Brian Hodgson wa karakana hiyohiyo, alichukua funguo ya mlango wa mama yake akakwaruza nyaya za piano mbovu, akachezacheza na hiyo rekodi mpaka ikatoka hivyo. Wale Dalek, maadui wa kwenye tamthilia wanaofanana na roboti, mliowaweka picha kubwa vile, umbo lao kalichora Raymond Cusick, na kazi ile kwanza alipangiwa Ridley Scott, huyuhuyu aliyekuja kuwa mwongozaji mkubwa wa filamu, ratiba ikamkatalia. Mkono wa Dalek ni ile pampu ya mpira ya kuzibulia sinki, na ndani anakaa mtu anasukuma kwa miguu huku anawasha taa za kichwani zifuatane na maneno, wakati sauti yenyewe inatoka kwa mwigizaji mwingine aliyeko pembeni na maiki. Terry Nation aliyeandika hadithi alitajirika kwa Dalek, Cusick alikuwa mwajiriwa kwahiyo akapewa bonasi ya pauni 100 hivi basi.

Mtayarishaji Verity Lambert mmemtaja kwa mstari mmoja, sawa, lakini alikuwa na miaka 27 alipokabidhiwa kazi na hapakuwa na mwanamke mwingine mtayarishaji wa tamthilia pale BBC, na mwongozaji wake wa kwanza Waris Hussein, mzaliwa wa Lucknow India, alikuwa na miaka 24. Walipewa studio D ya Lime Grove, ndogo, ya zamani, joto la taa halivumiliki. Kipindi cha kwanza walichorekodi Septemba bosi wao Sydney Newman alikikataa, wakarudia chote Oktoba, kikaja kurushwa 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Kennedy kuuawa, ikabidi kirudiwe wiki iliyofuata maana watu akili zao zilikuwa kwingine.

Halafu kuna hili la tepu ambalo hamkuligusa kabisa. BBC ilikuja kufuta na kutupa vipindi vingi vya miaka ile ya 60 na mpaka leo vipindi zaidi ya 90 picha zake hazipo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba 9 vimepatikana Jos, Nigeria, kwenye kituo cha televisheni, kopi zilizopelekwa Afrika zikabaki stoo. Ila sauti ipo, ya vipindi vyote, hakuna hata kimoja kilichopotea sauti yake, kwa sababu kuna watoto na vijana Uingereza walikuwa wanaweka kinasa sauti mbele ya TV nyumbani wanarekodi. Kwahiyo kuna vipindi leo hii huwezi kumuona mwigizaji yeyote, lakini kazi ya Delia na ya Hodgson unaisikia.

Ombi langu ni dogo, toleo lijalo wekeni masahihisho, hata mistari minne, muandike Delia Derbyshire, Dick Mills, Brian Hodgson na Raymond Cusick, na mkiwa na nafasi picha ya Delia akiwa na tepu zake zipo nyingi.

Msomaji wenu,
Fundi sauti, Morogoro